Matawi matatu, faiba na redio: RIP, OSPF au njia za mkono?

Fundi_Waya: Wakuu, naunganisha ofisi tatu. Makao makuu hadi ghala ni faiba ya gigabiti 1, ghala hadi duka vilevile. Kati ya makao makuu na duka kuna redio ya megabiti 10. Nataka redio iwe akiba tu. Nitumie nini: RIP au OSPF, ambazo ruta (vifaa vya kuelekeza data) hujipangia njia zenyewe, au niandike njia kwa mkono?

Nyota_Mkia: RIP, mkuu. Mistari michache tu, kazi imekwisha.

Mama_Seva: Kwa ramani hii RIP itamuumiza. RIP haijali kasi, inahesabu ruta za kupita. Redio ni hatua moja, faiba kupitia ghala ni mbili, kwa hiyo data yote kati ya makao makuu na duka itapanda redio na kuiacha faiba. OSPF inaipa kila laini gharama: kwenye ruta nyingi za kampuni ya Cisco ni megabiti 100 kugawanya kwa kasi ya laini, lakini haishuki chini ya 1, na njia yenye jumla ndogo ndiyo inatumika. Redio inapata 10, faiba mbili jumla 2. Faiba inashinda.

Mnara_Mrefu: Dada, hapo pana mtego. Redio yake bila shaka imechomekwa kwenye poti (tundu la waya kwenye ruta) ya gigabiti. Ruta inasoma kasi ya poti, haijui huko hewani zinapita megabiti 10 tu. Itaipa gharama 1, na 1 inaishinda 2, tumerudi kulekule kwa RIP! Fundi, andika gharama ya redio kwa mkono, pande zote mbili. Weka hata 100.

Nyota_Mkia: Kama ni kuandika kwa mkono, si bora njia zote ziwe za mkono? Ofisi ni tatu tu.

Mnara_Mrefu: Inawezekana, ya akiba ukiipa umbali mkubwa (namba ya kipaumbele, ndogo ndiyo inatangulia), mfano 200. Shida ni faiba ikikatika mbele ya kigeuzi (kifaa kinachounganisha faiba na waya wa ruta): poti bado inawaka, njia inabaki kwenye jedwali la njia, pakiti za data zinapotea. OSPF kwenye Ethaneti hutuma salamu kila sekunde 10. Zikipita sekunde 40 bila salamu, ruta jirani inafutwa na redio inachukua kazi.

Fundi_Waya: Nimeelewa. Ruta mbili ni Cisco, ya duka ni MikroTik. Zitaelewana?

Mama_Seva: Kwa OSPF ndiyo, ni kiwango cha wazi. Hakikisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) inalingana pande zote, la sivyo ruta zitaonana lakini ujirani utakwama njiani. Na asante Mnara, hilo la poti ni la msingi.