Nyumba ya kukodi Entebbe siku tano: nitajuaje anayeikodisha ana haki nayo?

MamaWaArua:
Wakuu, habari. Tunashuka Entebbe mwezi wa 12, watu tisa kutoka Arua, na tunataka nyumba nzima yenye jiko. Nimeipata moja Facebook, karibu na bustani ya mimea, shilingi 300,000 za Uganda kwa siku. Mwenye tangazo anataka nusu, 750,000, kwa pesa za simu leo hii, la sivyo anampa mwingine. Amekubali kunitembeza ndani kwa video. Hiyo inatosha?

Kigungu_7:
Dada, haitoshi. Video inaonyesha kwamba nyumba ipo na kwamba aliye ndani ana funguo, basi. Tapeli hukodi nyumba hiyohiyo siku mbili kama mgeni wa kawaida, akajitia mwenyewe, akawatembeza watu kwa video au hata ana kwa ana, akakusanya malipo ya watu kadhaa kwa tarehe zilezile. Halafu anarudisha funguo na laini inazimwa. Haraka yake inatoka hapo: siku zake humo ndani zinahesabika.

Mwombe namba ya mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), tarakimu 11. Fungua menyu ya kulipia umeme (*165# kwa MTN, *185# kwa Airtel), weka namba hiyo na kiasi kidogo. Jina la mteja hutokea kabla ya PIN. Lisome, kisha ghairi. Fanya vivyo hivyo na laini anayotaka utumie pesa: anza kutuma, soma jina, ishia hapo. Linganisha na kitambulisho chake cha taifa, ambacho akishike mkononi kwenye video. Akikutumia picha tu ya kitambulisho, inaweza kuwa ya mtu mwingine.

boda_stage:
Ila jina la Yaka lisikufanye umwite mtu mwizi. Mita nyingi bado zina jina la aliyejenga, au la baba aliyekwisha kufariki. Majina yakitofautiana, mwulize huyo wa kwenye mita ni nani kwake, kisha ukahakikishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji kile.

Kama huna ndugu Entebbe, lipa boda akafike. Asiulize "hapa panakodishwa?" maana kila mtu atasema ndiyo. Amwulize mlinzi, au mwenye duka la jirani: nani hulipa mshahara wa mlinzi? Mgeni wa siku mbili halipi mlinzi.

Wakili_Kla:
Nusu ni nyingi mno. Toa 150,000 mpaka 300,000, zilizobaki mlangoni baada ya kufungua mabomba na kuwasha taa. Andikeni makubaliano hata kwa WhatsApp: tarehe, bei, idadi ya watu, na pesa itarudi lini mambo yakiharibika. Kwa wanaopanga kwa miezi, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka mkataba wa shilingi 500,000 na zaidi uwe wa maandishi.

Ukipitia Airbnb, programu ya kukodi nyumba, pesa hushikwa mpaka kama saa 24 baada ya kuingia, ndiyo maana matapeli hukuvuta ulipe nje. Ukitumiwa kiungo cha malipo, usikibonyeze. Fungua programu mwenyewe uitafute nyumba humo.

Na pesa ikishatoka ukagundua ni wizi, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, dakika ileile, uombe muamala uzuiwe. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu sana. Kisha nenda polisi na ujumbe wa muamala, usiondoke bila namba ya SD, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo.

MamaWaArua:
Asanteni sana. Nimemwomba namba ya Yaka, anasema mita iko juu ya nguzo, haifikii.

Kigungu_7:
Mita kuwa nguzoni ni kawaida. Lakini kile kidude cha vitufe cha kuingizia tokeni kiko ndani ya nyumba, na namba ya mita huwa kwenye ujumbe wa kila umeme ulionunuliwa. Mwambie akutumie ujumbe wa tokeni ya mwezi uliopita na ya mwezi wa kabla yake. Anayeiendesha nyumba anazo zote mbili kwenye simu. Mpaka uzione, usitume hata shilingi.