Natafuta mwenzangu mwenye miasthenia gravisi, Kisumu na viunga vyake

Mwalimu_Nyalenda
Habari zenu, ndugu na dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, na ni miezi saba tu tangu nilipolijua jina la ugonjwa ambao nilikuwa nimeishi nao miaka miwili. Ukope wa jicho la kulia ulianza kulegea kila jioni, kisha nikawa naona vitu viwili viwili, na ikifika kipindi cha nne sauti yangu ilitokea puani. Kituo kimoja kilinipa miwani, kingine kikaniambia ni mawazo, na mzazi mmoja akalalamika kwamba ninafundisha nikiwa nimelewa. Hatimaye daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alinipima damu na kunieleza kwamba kingamwili zangu zinashambulia mahali ambapo neva hukabidhi ujumbe kwa msuli, ndiyo maana msuli huchoka kadiri unavyotumika na kupata nguvu tena ukipumzishwa.

Ninameza vidonge vya pairidostigmini, vya kuipa misuli nguvu, na ninaendelea vizuri kiasi. Ninachokosa ni mtu. Mke wangu ananihurumia na dada zangu wananiombea, lakini sijawahi kuketi na yeyote anayejua taya linavyokataa katikati ya tonge. Nitampata vipi? Tena, je, niwaambie wenzangu kazini au ninyamaze?

Mama_Pendo
Pole sana, mwalimu. Niko Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Mwenzangu wa kwanza nilimpata kupitia muuguzi wa kliniki: sikumwomba namba ya mgonjwa yeyote, kwa kuwa hiyo ni siri ya mwenyewe, bali nilimwachia yangu kwenye karatasi nikamsihi ampe mgonjwa atakayekubali kuipokea. Ilipita miezi minne kabla simu haijalia. Leo tuko watano, nasi tuna kanuni ambazo mtu mwenye afya njema angezicheka: tunakutana saa nne asubuhi, kamwe si jioni, na hatutumiani ujumbe wa sauti, maana mmoja wetu akizungumza dakika tatu maneno yake huyeyuka.

Usishangae mazungumzo ya kwanza yakiwa ya tumbo. Vidonge hivyo huleta msokoto na kuharisha, na ni mwenzangu aliyenifundisha kuvimeza kwa kipande cha mkate, nusu saa au zaidi kabla ya mlo, ili taya liwe limepata nguvu chakula kinapofika. Mwulize daktari wako kama mpango huo unakufaa.

Nesi_Mstaafu
Naongezea jambo moja ambalo wagonjwa wa kando ya ziwa hawaambiwi mapema. Ukipatwa na malaria, mweleze anayekutibu ugonjwa wako kabla hajaandika dawa, kwa sababu kwinini inaweza kuzidisha udhaifu wa misuli hadi kupumua kukawa shida. Antibiotiki kama jentamaisini na siprofloksasini, pamoja na magnesiamu ya sindano, ni za kuogopwa vilevile. Ziandike kwenye kadi, uiweke pamoja na kitambulisho. Na siku utakaposhindwa kumeza mate, au ukakosa pumzi ukilala chali, nenda hospitali usiku huohuo.

Kuhusu kikundi, sikiliza kwanza kabla ya kujiunga. Mtu akitangaza kwamba ameacha vidonge na sasa anakunywa mizizi, tazama kama wenzake wanamhoji au wanampigia makofi.

Fundi_Kondele
Mimi si mgonjwa, ila kaka yangu alinyamaza kazini mwaka mzima, na kimya chake kikajazwa na watu: wengine walisema pombe, wengine wakasema amerogwa. Usiwaambie wote. Mwambie mwalimu mkuu pekee, ukiwa na barua ya daktari, na umwombe jambo mahususi kama vile vipindi vya asubuhi na kiti darasani. Ukimwomba akuelewe tu, hatajua afanye nini.

Mama_Pendo
Hapo kwenye kiti nakubali. Mimi niliona aibu kukiomba kwa miaka miwili, tena bila sababu.

Mwalimu_Nyalenda
Nawashukuru nyote. Karatasi nimemwachia muuguzi leo, na nyuma yake nimeandika kwamba ujumbe wa maandishi unatosha. Mwalimu mkuu nitamwona Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla ukope haujashuka.