Injini ya dizeli inagonga: dawa ya tangini, kupima nozeli au kununua mpya?

Nahodha wa Amu
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mashua yangu ya mizigo, inayokwenda Faza na kurudi Amu, ina injini ya dizeli ya silinda tatu yenye pampu ya kizamani isiyotumia umeme. Tangu kusi ilipoanza kuvuma, injini inagonga kwa sauti kavu ya chuma inapozunguka polepole; sauti hupungua ikishapata moto lakini haiishi, na nikiongeza mafuta hutoka moshi mweusi. Mmoja ananishauri nitie ndani ya tangi dawa ya kusafishia nozeli, yaani vile vipulizio vya mafuta ndani ya silinda, mwengine anasema nizipeleke Malindi zikapimwe, na wa tatu anataka nibadilishe zote. Ni njia ipi ya busara, ikizingatiwa kwamba mashua ikilala gatini hailishi mtu?

Fundi wa Mokowe
Wa alaikum salaam, nahodha. Kabla ya kuchagua, thibitisha kwanza kwamba ni nozeli inayogonga. Iache injini izunguke polepole, ulegeze nati ya bomba la shinikizo kwenye nozeli ya silinda moja ili mafuta yamwagike pale badala ya kuingia ndani, usikilize, ukaze, kisha uende kwenye silinda inayofuata. Silinda ambayo ukiikatia mafuta kugonga kunakoma au kunafifia ndiyo ya kutiliwa shaka. Funika nati kwa kitambaa kizito, vaa miwani, na usikaribishe mkono, kwa sababu mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo, hata likionekana dogo, ni la kukimbizwa hospitali papo hapo. Wenye injini mpya zinazoendeshwa kwa kompyuta wasijaribu jambo hili kabisa. Humo shinikizo hupita baa 1,000.

Jaribio hilo peke yake halitoshi, maana beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) iliyolika nayo hunyamaza kidogo silinda yake ikikosa mafuta. Zima injini, ing'oe nozeli unayoishuku, uibadilishane na ya silinda jirani. Kelele ikihama pamoja nayo, umempata mkosa. Ikibaki palepale, usitoe hata shilingi kwa ajili ya nozeli, bali uchunguze beringi na pini ya pistoni.

Mkaazi wa Shela
Kwa heshima ya fundi, mimi naitetea dawa ya tangini. Haihitaji kufungua kitu, haimlazimishi mtu kusafiri, na pale ambapo uchafu ni mwepesi husaidia.

Fundi nozeli, Malindi
Uchafu mwepesi, naam, lakini injini inayogonga na kutoa moshi mweusi mara nyingi imekwisha kupita hatua hiyo. Dawa haiwezi kurudisha kilicholika, yaani kikalio cha sindano inayofungua na kufunga mafuta ndani ya nozeli, wala haiwezi kukaza springi iliyolegea. Kwenye mashine ya kupimia ya mkono tunatazama mambo matatu. La kwanza ni shinikizo la kufungukia, ambalo kwa injini nyingi za kizamani zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni huwa kati ya baa 180 na 250, ingawa kipimo cha kufuatwa ni kile cha kitabu cha injini yenyewe. La pili ni umbo la mafuta yanapotoka: yanatakiwa yawe ukungu mwembamba uliolingana pande zote, si mchirizi. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kushika: shinikizo likiwa chini kidogo ya lile la kufungukia, ncha inapaswa kubaki kavu. Nozeli inayodondoka humwaga mafuta nje ya wakati wake, nayo huweza kuleta kugonga na moshi kwa pamoja.

Kuhusu kusafisha, tumia brashi ya shaba nyeupe, kamwe si ya chuma, na usichokonoe matundu kwa waya wowote uliouokota. Sindano na mwili wake vimesuguliwa pamoja kiwandani. Ukizichanganya za nozeli mbili, umeziharibu zote mbili. Ncha mpya hununuliwa kwa ile iliyoshindwa kwenye kipimo baada ya kusafishwa, basi.

Mzee wa Matondoni
Mbona hakuna aliyeuliza habari za mafuta yenyewe? Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli huchelewa kuwaka na hayalainishi pampu vizuri. Serikali ya Kenya ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ilikuwa kwa sababu ya mchezo huohuo. Silinda zote zikigonga sawasawa, toa maji kwenye filta, jaribu dizeli ya kituo kingine, kisha mwite fundi atazame taimingi ya pampu, yaani wakati inaopuliza mafuta.

Nahodha wa Amu
Nashukuru, wazee wangu. Nimelegeza nati kama nilivyoelekezwa: silinda ya pili ndiyo iliyonyamaza, na nilipoihamishia nozeli yake silinda ya kwanza, kelele ilihama nayo. Je, niipeleke hiyo moja au zote?

Fundi nozeli, Malindi
Zilete zote tatu, kwa kuwa zimefanya kazi pamoja na zinapaswa kufunguka kwa shinikizo linalolingana. Ziandike namba za silinda, ziba midomo ya mabomba na matundu ya silinda kwa vitambaa safi ili chumvi isiingie, na uje na vasha za shaba za zamani tupate vipimo vya mpya, kwani zilizokwisha kubanwa hazirudishwi.