Tupeane uzoefu: Kenya na Tanzania, siku uliyotambiwa na siku uliyolipa

Mpakani
Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili Namanga, kazi yangu makaratasi ya forodha, na nusu ya ninaofanya nao kazi wanalala upande wa pili wa geti. Hapa ukifungwa huna pa kujificha. Aliyekufunga ndiye utakayemkuta asubuhi kwenye foleni ya malori. Leteni visa vyenu, mchezo wowote, siyo soka tu. Naanza mimi.

Tarehe 27 Juni 2019, AFCON ya Misri, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, Kenya na Tanzania, mechi saa tano usiku kwa saa zetu. Kibanda umiza kimejaa mpaka wengine wanachungulia kwenye tundu la bati. Nilikuwa nimewekeana na dereva mmoja Mkenya, tumezoea kumwita Jirani: atakayefungwa anavaa jezi ya mwenzake kutwa nzima kazini. Dakika ya sita Msuva wetu kashaweka. Nikamuuliza Jirani anavaa saizi gani. Olunga wao akasawazisha, na kabla Wakenya hawajamaliza kukaa, Samatta wetu akatia la pili. Hapo nikaagiza soda za watu wangu wote.

Mnajua yaliyofuata. Omolo wa Kenya akarudisha, dakika ya 80 Olunga tena, 3-2. Jirani hakuruka wala hakupiga kelele. Alivua jezi yake palepale, imelowa jasho, akanitandikia mapajani taratibu kama anayemfunika mtoto.

Kesho yake mzee mmoja alifika dirishani, akanitazama kifuani, akaniuliza kwa upole kabisa kama nina kibali cha kufanya kazi Tanzania.

Mkwe wa Moshi
Jameni, mimi Mkenya hiyo furaha ya Misri ilinidumu siku 38 tu. Tarehe 4 Agosti mwaka uleule, mechi ya kufuzu CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, sisi na Tanzania. Dar ilikuwa 0-0, tukawangoja Kasarani, Nairobi. Nimeoa Moshi, na shemeji zangu wawili walipanda basi kuja. Tiketi niliwakatia mimi mwenyewe, nikawakalisha katikati ya watu wetu makusudi, ili wasikie vizuri.

Dakika tisini, 0-0 tena. Penalti. Golini kwao kasimama Kaseja, mkongwe ambaye sisi tulishamhesabu na wastaafu. Tulipigwa 4-1. Shemeji mdogo hakunicheka hata kidogo, bana. Alitoa simu, akampigia mama yake, akaniwekea sikioni. Mama mkwe akasema, "Pole baba. Umekula?"

Sijawahi kutukanwa vile maisha yangu yote.

Babu wa Reli
Wajukuu, mnasimulia ya juzi. Mwaka 1974 nilikuwa kijana wa karakana ya reli Tanga, enzi za jumuiya ya zamani, mafundi wa Kenya na sisi tunakula sahani moja. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa Christchurch, na fundi mwenzangu wa Kenya hakukamatika, maana Jipcho wao alishachukua dhahabu ya mita 5000 na ile ya kuruka viunzi na maji. Ikabaki mita 1500.

Filbert Bayi wetu alitoka mbele tangu mlio wa bastola. Wenzake mpaka mwisho waliuona mgongo tu. Dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand wa pili, Jipcho wa tatu. Nami msidhani nilishangaa, maana mwaka mmoja nyuma, kule Lagos, Bayi alishampiga Keino mwenyewe, gwiji wao wa mbio. Nilichukua chaki nikaandika "3:32.2" kwenye mlango wa behewa, tarakimu kubwa kama mlango wenyewe, na behewa lile likapangwa kwenye treni ya kwenda Voi. Likavuka mpaka na hesabu yake.

Jumuiya ikavunjika 1977, fundi akarudi kwao. Miaka ikapita. Aprili 1988, marathoni ya Boston, Ikangaa wetu na Ibrahim Hussein wao wakakimbizana mpaka mwisho: Hussein saa 2:08:43, Ikangaa 2:08:44. Baada ya wiki kadhaa nikapata bahasha yenye stempu ya Kenya. Ndani karatasi moja, haina salamu wala jina. Imeandikwa kwa chaki: "1".

Aliingojea miaka 14!

Mama Wavu
Shikamoo babu. Na sisi wanawake tuwekwe, maana naona mnaongea kama hatupo. Nilicheza wavu sekondari, tukaenda michezo ya shule za Afrika Mashariki. Tusidanganyane, kwenye wavu wa wanawake Mkenya ametuacha mbali, timu yao ya taifa, Malkia Strikers, wamebeba ubingwa wa Afrika mara nyingi. Tulipigwa seti tatu bila. Seti ya mwisho tulipata pointi tisa, na ile ya tisa tuliishangilia kama kombe.

Kufungwa nilishasamehe. Lakini yule mpigaji wao alikuwa akiruka, jicho kwangu, ananiambia "pole dada" kabla hajapiga. Kabla!

Wa Kampala
Mnagombana kana kwamba sisi hatupo. Kombe la Gossage, soka la Afrika Mashariki, lilianza 1926 kwa Kenya na Uganda, Tanganyika ikaingia 1945. Na Olimpiki ya London 2012, marathoni, Kiprotich wetu aliwaacha Wakenya Kirui na Kipsang wakigawana fedha na shaba. Naondoka.

Mkwe wa Moshi
Huyu nani kamfungulia mlango? Kiprotich alifanyia mazoezi Eldoret. Nusu ya ile dhahabu ni yetu.

Boda wa Holili
Wakuu, mimi na siku ya CHAN, tarehe 22 Agosti 2025. Robo fainali mbili siku moja. Jioni Kenya wakatolewa na Madagaska kwa penalti. Nilivuka Taveta na pikipiki, honi mwanzo mwisho, nimefunga kitambaa cheusi kwenye kioo kama msiba. Wakenya walinitazama tu. Mmoja akaniambia, "Kaka, kunywa chai, usiku bado."

Nikakaa. Usiku Moroko wakatufunga 1-0, nasi nje. Na hao Moroko ndio Kenya waliwafunga 1-0 kwenye makundi, jambo nililokumbushwa na kila mtu, hadi mtoto wa muuza chai. Nilirudi bila honi. Kitambaa sikukitoa.

Mpakani
Nimecheka peke yangu hapa ofisini. Babu, barua hiyo usiitupe.

Nimalizie deni langu. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, kwetu usiku wa manane, Simbu wetu akamaliza marathoni bega kwa bega na Petros wa Ujerumani, wote 2:09:48, mpaka ikaangaliwa picha. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Sikungoja kuche, nikampigia Jirani. Alipokea, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hongera sana ndugu yangu. Jana yake ulimwona Jepchirchir wetu na dhahabu ya marathoni ya wanawake?" Akakata. Wakenya waliondoka Tokyo na dhahabu saba.

Jezi yake ninayo bado. Namba ya mgongoni imeanza kubanduka.