Kiumbe mweusi mwenye vinundu vya manjano: samaki wangu watatu wamekufa ndooni, ni nani huyu?

BintiMwani (Paje)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi nalima mwani hapa Paje. Naomba mnisaidie kumtambua kiumbe mmoja, maana tangu jana moyo haujatulia.

Jana bamvua lilikuwa kubwa, maji yametoka mpaka karibu na mwamba wa nje. Nilipomaliza kufunga kamba zangu nikafuatana na mwanangu, yuko kidato cha pili, tukachungulie pweza. Kwenye kidimbwi kimoja, ubavuni mwa jiwe lililoota sifongo, ndipo alipomwona. Urefu wake kama kidole changu cha kati. Mwili mweusi, mgongoni ana matuta yaliyokwenda kwa urefu, rangi ya samawati iliyopauka kama jivu. Juu ya matuta kuna vinundu, na kila kinundu kina kofia ya manjano, manjano hasa, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Mwanangu akasema, "Mama, huyu mtu kampaka rangi."

Tukamtia ndooni. Humo ndooni mlikuwa na watoto wa tasi watatu, mwanangu alitaka kuwaonyesha wenzake. Hatujafika hata ufukweni, tasi wameanza kulala ubavu, midomo wazi. Kufika nyumbani wote watatu wamekufa, na maji yale yana harufu kali ambayo sijapata kuisikia baharini, si ya samaki wala si ya mwani uliooza. Mwenyewe mzima kabisa, anapanda ukuta wa ndoo taratibu.

Nimembadilishia maji, sasa yuko peke yake kwenye beseni kivulini, na kesho maji yakitoka nitamrudisha. Picha sina, kamera ya simu imekufa. Nauliza: ni nani huyu? Sisi tuliomshika kwa mikono tuna hatari yoyote? Na wale tasi naweza kumpa paka?

PwaniYetu

Wa alaykum salaam. Dada, huyo ni jongoo bahari mchanga. Nilimwona Mafia, rangi hizo hizo: michirizi myeusi na vinundu vya manjano. Akikua anabadilika rangi.

Mzamia_Wasini

Dada BintiMwani, kwanza la haraka: tasi usimpe paka. Wafukie. Maji ya ndoo yamwage mchangani mbali na vidimbwi, ndoo ioshe vizuri, nanyi mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula.

Sasa tumtafute. Nimezamia miaka kumi na tisa huku Wasini, napeleka wageni hifadhi ya bahari ya Kisite karibu kila siku maji yakiruhusu, na hawa viumbe ndio ninaowapenda kuliko papa na pomboo. Kwa maelezo yako nadhani ni koa wa bahari, yaani konokono asiye na kombe. Lakini kaka PwaniYetu hakukosea bure. Kuna viumbe watatu tofauti wanaovaa nguo moja, na ukiwatazama kwa rangi tu utadanganyika kila siku.

Wa kwanza ni koa mwenyewe, anaitwa Phyllidia varicosa, jina alilopewa na Lamarck mwaka 1801. Wa pili ni jongoo bahari Pearsonothuria graeffei akiwa mtoto: mweupe, michirizi myeusi, vichomozi vya manjano, anamuiga koa mpaka mzamiaji mzoefu anasita. Wa tatu ni mnyoo bapa. Kuna minyoo bapa kadhaa wanaowaiga makoa wa jamii hii. Sababu ya kuigwa umeiona ndooni mwako. Samaki wameshajifunza kwamba mwenye rangi ile haliwi, basi asiye na sumu akiazima ile rangi naye anapona.

Kwa hiyo rangi iache kwanza, tazama umbo. Chukua beseni, kaa kitako, usimguse kwa dakika tano mpaka atulie. Kisha tazama haya.

Mbele mgongoni, je, zinatoka pembe mbili? Koa ana pembe mbili zinazochomoka kwenye vishimo vyake, ukipitisha kivuli huzirudisha ndani. Hizo ndizo pua zake, anazinusia maji. Mnyoo bapa hana pembe za namna hiyo. Ana ukingo wa mbele tu aliokunja juu ukafanana na masikio. Tena mnyoo ni mwembamba kama karatasi, ukingo unapepea, na anateleza upesi. Koa ana unene, ukimbonyeza ni kama mpira. Jongoo hana pembe kabisa. Kinywani ana vishikizi vinavyofagia chini, na tumboni ana miguu midogo mingi kama mirija, inayonata.

Kisha mtazame tumboni. Usimpindue kwa kidole. Mwache apande ukuta wa beseni, au mtie kwenye bilauri ya kioo yenye maji, utamwona kwa chini. Naomba uniambie mambo mawili: pembe ni za rangi gani, na katikati ya unyayo wake kuna mstari mweusi au hakuna?

Naliuliza hilo la mstari kwa sababu ana ndugu yake, Phyllidia coelestis, wanafanana sana kwa juu. Varicosa ana mstari mweusi chini ya unyayo, coelestis hana. Pembe zikiwa nyeusi na vinundu vya waridi, tumehama, huyo ni Phyllidiella pustulosa, naye yuko tele pwani yetu. Akiwa wa dhahabu mwenye duara nyeusi zilizozungukwa na weupe, ni Phyllidia ocellata.

Jambo moja la kumwambia kijana wako. Makoa wengi wana matamvua, yaani viungo vyao vya kupumulia, yamesimama mgongoni kwa nyuma, kama kishada cha maua. Hawa wa Phyllidia hawana. Matamvua yao yamefichwa chini ya joho, yaani ile ngozi ya mgongoni inayomfunika, pembeni, pande zote mbili. Akiyatafuta mgongoni hatayaona, asidhani ameharibika.

BintiMwani (Paje)

Kaka Mzamia, shukrani sana. Tasi nimewafukia chini ya mnazi.

Tumefanya ulivyosema. Nilichukua bilauri kubwa ya chai, nikamwingiza na maji, mwanangu akawasha tochi. Pembe ni mbili, za manjano. Alipopitisha mkono juu zikazama, akahesabu mpaka kumi na nne ndipo zikatoka tena, moja kwanza halafu ya pili. Na alipopanda kioo tukaona chini: unyayo wa kijivu, na katikati mstari mweusi umenyooka toka mbele hadi nyuma. Pembeni, kati ya unyayo na joho, kuna vikunjo vidogo vidogo vimepangika kama kurasa za kitabu. Hayo ndiyo matamvua?

Mwanangu hajalala. Anauliza ile sumu anaitoa wapi, anaitengeneza mwenyewe?

Mzamia_Wasini

Ndiyo yenyewe, vile vikunjo ndiyo matamvua. Na kwa ule mstari sina shaka, ni Phyllidia varicosa. Mmetazama vizuri kuliko wageni wengi wanaokuja na kamera za bei ya mashua.

Mwambie kijana swali lake ni zuri mno. Hatengenezi, anakula. Lile sifongo mlilolikuta jiweni huenda ndicho chakula chake. Hana meno ya kukwangua kama konokono wengine, anafyonza tu. Sifongo haliwezi kukimbia, basi linajilinda kwa kemikali. Koa anazila, hazimdhuru, anazihifadhi kwenye ngozi, na akikerwa anazitoa pamoja na ute. Habari ya koa huyu kuua viumbe wenzake kwenye maji ya kufungiwa iliandikwa na mtaalamu aitwaye Johannes mwaka 1963. Mwaka 1975 wanakemia wa Hawaii wakaipata kemikali ile ile ndani ya koa na ndani ya sifongo analolila, wakaipa jina linalotokana na Pupukea, sehemu ya pwani ya huko. Baharini ute huo unachukuliwa na maji, samaki anaonja mara moja anatema. Ndooni haukuwa na pa kwenda.

Ndiyo maana nawaomba wote mnaosoma: msiwatie ndooni. Na msiwapeleke kwenye tangi la nyumbani hata kama rangi imewavutia. Wengi wao wanakula aina chache tu za sifongo, wengine aina moja basi. Ukimtenga na jiwe lake anakufa njaa mbele yako huku akipendeza. Nimeona hoteli moja ikiweka watano kwenye tangi la mapokezi, baada ya wiki chache hakubaki hata mmoja. Liliniuma, kwa sababu wawili kati yao nilikuwa nawajua mpaka mwamba wao.

TangaRaha

Samahani kuingilia, ila mada imenigusa. Usiku mmoja tunavua kwa karabai, kitu chekundu kama kitambaa kikapita chini ya dau, kikipepea, kikubwa kuzidi kiganja changu na vidole. Mzee wangu akasema tusikiguse. Siku nyingine nilikuta jabalini ua jekundu la utepe, kama waridi, laini. Ni kitu kimoja?

Mzamia_Wasini

Ni kimoja, kaka. Kile kitambaa ni Hexabranchus sanguineus, miongoni mwa makoa wakubwa kuliko wote, anaweza kupita sentimita 40. Mchana hujificha, usiku hutoka. Akitambaa ukingo wa joho umekunjwa. Akisumbuliwa anaukunjua wote na kuogelea kwa kujipinda mwili mzima juu chini. Jina lake maana yake ni matamvua sita, na ukimkuta ametulia utayahesabu. Kila shina lina tundu lake la kuingilia, si kama makoa wengine ambao kishada chote huzama kwenye mfuko mmoja. Mtazame vizuri kwenye matamvua hayo. Mara nyingi kuna kamba mdogo mwekundu anayeishi juu yake.

Lile waridi ni mayai yake, na nayo yana sumu. Mzee wako alisema kweli.

Na kwa kuwa tumefika kwenye majina, niseme lililo moyoni. Kuna koa mweusi mwenye matuta yaliyochorwa mistari ya manjano iliyoiva, ngozi ngumu kidogo. Jina lake ni Halgerda wasinensis. Wasini! Kisiwa changu. Aliyempa jina, mwaka 1904, ni Charles Eliot, yule yule Kamishna wa Waingereza tuliyemsoma kwenye historia, aliyewafungulia walowezi nyanda za juu za Kenya. Kumbe alikuwa bingwa wa makoa wa bahari, na vielelezo vingine aliletewa na Cyril Crossland, aliyekusanya viumbe vya Unguja na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902. Mwaka huo huo wa 1904 Eliot akamwandika Chromodoris africana, mwenye mistari myeusi na ukingo mpana wa rangi ya chungwa, ambaye wazamiaji wa kwetu wanakutana naye mpaka leo.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja nilipojua kwamba jina la kisiwa chetu limebebwa na kiumbe huyu. Nilikuwa nimeshamwona mara nyingi, nikimwita "yule mweusi". Hakuna aliyetuambia shuleni. Ndiyo sababu naandika marefu hapa. Kijana wa BintiMwani amehesabu sekunde kumi na nne za pembe kurudi, na hiyo ni kazi ya elimu kamili. Akianza daftari, aandike tarehe, kupwa ilikuwaje, kidimbwi kipi, sifongo la rangi gani, na pembe, matamvua, unyayo. Rangi aiandike mwisho.

BintiMwani (Paje)

Tumetoka baharini sasa hivi. Tumemrudisha jiwe lile lile. Nilimweka pembeni mwa sifongo, akakaa kimya, pembe ndani, nikaogopa tumemchelewesha. Maji yakamzunguka kidogo, zikatoka, akageuza kichwa, akaanza kupanda. Alipofika kwenye sifongo akasimama hapo hapo, hakusogea tena.

Daftari limeanza. Lakini tumepata mgeni mwengine, jiwe la tatu kutoka hapo. Huyu mwili ameinuka, rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, ukingo wote umekunjamana mawimbi mawimbi na una uzi mweusi, kama leso iliyotarizwa. Pembe nyeusi. Nyuma mgongoni kishada kinachotikisika kwenye maji. Hatukumgusa. Mwanangu ameandika: "Matamvua yapo juu. Si Phyllidia."

Mzamia_Wasini

Ameandika sawasawa. Huyo ni Doriprismatica atromarginata. Muulize, kwenye lile jiwe kulikuwa na sifongo la rangi gani?

BintiMwani (Paje)

Hakutazama. Anasema kesho kupwa saa tano, anarudi.