Kaya 43 zilisaini ahadi ya kutunza mazingira, mwezi mmoja tu tumerudi palepale. Tufanyeje?

Mkazi_wa_bondeni
Habari za jioni wakuu. Mimi nipo Dar, mtaa wetu uko pembeni ya bonde la Msimbazi, kwa hiyo masika yakianza sisi ndo wa kwanza kuingiliwa na maji ndani. Mwezi wa tatu tulimuomba mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao, watu wakaja wengi tu, tukaandika ahadi: sitatupa taka mtaroni, nitapunguza mkaa, nitapanda mti, nitatenganisha taka, jumla zikafika kumi. Kaya 43 zikasaini, mimi mwenyewe nilizunguka na karatasi nyumba kwa nyumba.

Sasa jumamosi iliyopita nimeingia mtaroni kuzibua, nikatoa chupa za maji, pampasi, vile vifuko vidogo vya karanga, halafu nikakuta kiroba kimefungwa vizuri kabisa, kukifungua ndani maganda ya ndizi na mihogo bado mabichi, yaani mtu katupa usiku uleule. Iliniuma sana, maana maji yakijaa hayachagui nyumba ya aliyetupa na ya asiyetupa.

Na sio kwamba hatuwezi kubadilika. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipigwa marufuku Juni 2019 na leo mtu anaenda sokoni na mfuko wake bila kusukumwa. Ila pale kulikuwa na sheria. Mimi nataka kila nyumba ibebe ahadi yake yenyewe bila mgambo wala faini. Nani amewahi kufanikiwa hili mtaani kwake?

Mama_Kikoba
Pole kaka yangu. Ahadi kumi kwa mpigo ni nyingi mno, mtu anasaini ili umuache aendelee na kazi zake. Sisi kwenye kikoba chetu tuko wanawake 27, tulikubaliana kila mmoja achague kitu KIMOJA tu na akitamke mwenyewe mbele ya wenzake, katibu anaandika kwenye daftari lilelile la hisa. Kila jumapili tukishahesabu hela tunaulizana, fulani lako limefikia wapi.

Mimi nilichagua mkaa. Napika maharage ya kuuza, zamani nilikuwa nayabandika makavu saa kumi na moja alfajiri, makopo manne ya mkaa yanaisha kabla hayajaiva vizuri. Sasa nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji naweka mengine, na nafunika sufuria muda wote, makopo mawili yanatosha. Hiyo nimeiona mfukoni kwangu, na wenzangu walipoona nanunua mkaa kidogo wakaanza kuniuliza.

Wengine walichagua kuhamia gesi, hapo ndo palikuwa na shughuli. Watu wanasema akina mama hatutaki gesi, sio kweli, mkaa unaununua kwa kopo kwa hela uliyoipata leo, mtungi unataka hela nyingi siku moja. Kikoba kikawakopesha mtungi wa kilo sita wakarudisha kidogo kidogo. Mmoja gesi ilimuishia katikati ya mwezi akarudi kwenye mkaa kimyakimya. Hatukumsema, tukaanzisha akiba ya kujazia, kila wiki 1,000 kila mtu, ikiisha unachukua yako unajaza.

Halafu hebu kachunguze hicho kiroba kimetupwa kwa nini. Guta la taka linapita lini hapo kwenu? Kwetu lilikuwa linaruka hata wiki mbili, maganda yananuka ndani kwenye chumba kimoja mnacholala na watoto, utamlaumuje mtu?

Mkazi_wa_bondeni
Dada umenigusa, guta lina wiki tatu halijaonekana. Na wapangaji na vijana wasio na kikoba tunawashikaje?

Msafiri_Kigali
Mkuu mimi Mtanzania naishi Kigali mwaka wa tano. Hapa jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, asubuhi maduka yanafungwa, mtaa mzima mnatoka na majembe, na usipotoka unaweza kupigwa faini, kwa hiyo sio hiari kama unavyotaka wewe. Lakini cha kuiga ni kwamba kazi ikiisha mnakaa chini na kuongea mambo ya mtaa, mpangaji aliyehamia juzi anasimama anajitambulisha. Mimi nilivyoshafyeka mtaro na jirani yangu tukajuana majina, siwezi tena kutupa kitu mbele ya mlango wake. Anza na kuwatoa nje pamoja, karatasi ije baadaye.

Pwani_kijani
Salamu kutoka Kwale. Mimi naongezea kuhusu miti. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti hapa Kenya, 1977, akina mama walikuwa wanapewa hela kidogo kwa kila mche ulioshika, sio uliopandwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Sisi huku kikundi chetu tulikuwa tunapanda, tunapiga picha, mbuzi wanamaliza kazi. Siku hizi mche unaandikwa jina la mtu na baada ya miezi sita tunapita kuangalia, na watoto wa shule ndio wakaguzi wakali kushinda sisi, wanajua hata mti wa nani haujanyweshwa.

Mkazi_wa_bondeni
Asanteni sana wote. Nimeshaongea na mwenyekiti, jumamosi hii tunazibua mtaro pamoja kabla jua halijawa kali, kisha tunamuita mwenye guta aje aseme mbele ya watu atapita siku gani. Na maganda kuna mzee hapa anafuga nguruwe, amekubali kuweka mapipa mawili pale kona na atayachukua kila jioni. Ile karatasi ya ahadi kumi nimeibandua. Safari hii namuuliza kila mtu lake moja, na mimi langu nimechagua hayo mapipa, nitayaosha mwenyewe kila asubuhi yasije yakanuka watu wakarudi mtaroni. Mama Kikoba, naomba nikufuate inbox unielekeze hiyo akiba ya kujazia gesi mliigawanyaje.