Nimuulize nini baba yangu kuhusu Vita vya Kagera?

Mwana wa Mstaafu

Wazee wangu, shikamooni, na wenzangu nawasalimu.

Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Aliingia jeshini mwaka 1974, akapigana Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, tangu Mutukula mpakani hadi Kampala, akabaki Uganda pamoja na vikosi vyetu mpaka 1981, kisha akaendelea na utumishi hadi muda wake ulipotimia. Sasa ni mzee sana. Macho yamepungua nguvu lakini kumbukumbu bado ni timamu, na wajukuu wamemwomba asimulie ili mimi niandike kijitabu cha familia. Amekubali, ila kila tunapoketi mazungumzo yanakwama. Mimi namuuliza kuhusu ushujaa, yeye ananijibu kuhusu viatu. Nikimuuliza ni siku gani aliogopa kuliko zote, anasimulia jinsi lori lao lilivyozama kwenye tope na namna walivyokata magogo kulitoa. Nikitaja nishani yake, anasema iko kabatini, kisha anauliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Kumbukumbu ya Mashujaa, huvaa vizuri na kuketi mbele ya televisheni kimya, tangu gwaride linapoanza hadi mkuki na ngao vinapowekwa mnarani. Lakini alipoalikwa yeye mwenyewe kuhudhuria sherehe hizo alikataa katakata, na hakutoa sababu.

Naomba ushauri. Je, nimwache aendelee na viatu na tope, au ipo njia ya heshima ya kumfikisha kwenye jambo lenyewe? Sitaki kumtonesha kidonda, lakini pia sitaki aondoke na kisa chake.

Mgambo wa Zamani

Marahaba, mwanangu. Mimi sikuwa askari wa kudumu kama mzee wako. Nilikuwa mgambo, kijana wa kijijini aliyefundishwa shabaha na kuchimba handaki kwa haraka, nikapelekwa Brigedi ya 201 ya Brigedia Imran Kombe, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mgambo wenzangu. Nina jambo moja la kukueleza, ambalo huenda baba yako analizunguka.

Kwanza, viatu. Unapodhani anakwepa swali, huenda ameshalijibu. Mutukula ilitekwa Januari 1979 na Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari, na katika safari hiyo yote wengi wetu tulikwenda kwa miguu, kwa sababu magari yalikuwa ya mizinga, risasi na chakula. Tulipita vichakani na kwenye migomba, tumebeba kila kitu mgongoni. Mguu wa mtu ukiharibika, silaha yake inahamia begani kwa mwenzake, na mwenzake naye ana yake. Kwa hiyo mtu akikusimulia viatu, anakusimulia nani alimbeba nani.

Pili, Lukaya. Ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, karibu na pale barabara inapokatiza kinamasi. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 brigedi yetu ilikuwa imeingia pale, na ndipo Walibya waliokuja kumsaidia Amin, pamoja na askari wake, walipotushambulia kwa maroketi. Mengi yalipita juu ya vichwa vyetu bila kumdhuru mtu, lakini sisi hatukuwa tumewahi kuusikia mlio ule ukitujia. Wengi wetu tulikimbia. Nalisema waziwazi kwa kuwa historia imekwisha kuliandika, na mzee wako, aliyekuwa askari wa kudumu, analijua vizuri kuliko ninavyopenda. Usiku uleule Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20, aliiamuru Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, ambayo ilikuwa kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi, igeuke na kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Huku kwetu maofisa walitembea gizani wakitukusanya, wakatupanga upya, na alfajiri ya tarehe 11 tukarudi kupigana palepale tulipopakimbia.

Sasa nikuulize wewe, mwanangu. Waliokimbia jioni ndio walioshambulia asubuhi: sura zilezile, bunduki zilezile, na katikati hakuna aliyelala wala kula. Yupi kati yao utamwandika shujaa? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa miaka mingi, na sipati jibu jingine ila kwamba ujasiri wetu wa asubuhi haukutoka vifuani mwetu. Tuliletewa. Aliuleta ofisa aliyeita majina gizani bila kumtukana mtu, wakauleta watu wa mizinga, wakauleta watu wa 208 waliotembea usiku kucha kwa ajili ya watu wasiowafahamu. Mimi nilichofanya ni kusimama nilipoitwa. Ndiyo maana ukimuuliza askari wa aina yetu, "Ulifanya nini cha kishujaa?", unamlazimisha achague kati ya kusema uongo na kuwapunja wenzake, na mtu mwenye haya atachagua kukueleza habari za lori.

Muulize hivi: "Baba, kushoto kwako alikuwa nani, na kulia kwako nani?" Halafu nyamaza.

Mzalendo Daima

Mzee wangu, shikamoo, na ninakushukuru kwa utumishi wako. Hata hivyo naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa sababu naona hatari katika mazungumzo haya. Kizazi chetu hakikuwepo tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa na kusema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Tunaisikia redioni tu, na wengine hawaisikii kabisa. Amin alikuwa amevuka mpaka, ametangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera ni yake, na majeshi yake yakalivunja daraja la Kyaka. Ikiwa kila mstaafu atatuambia kwamba vita ilikuwa viatu, tope na bahati ya kuitwa jina gizani, wajukuu watadhani ilikuwa matembezi. Mtu aliyeitwa akaenda, huku akijua kwamba huenda asirudi, ni shujaa hata kama alikimbia jioni moja. Kwa nini tumnyang'anye jina hilo, au kwa nini ajinyang'anye mwenyewe?

Binti wa Missenyi

Namjibu ndugu yangu Mzalendo, ila pia nina neno kwa mwenye swali, maana mimi ninatoka eneo lenyewe, kaskazini ya mto, katika zile kilomita za mraba 1,800 hivi ambazo Amin alijitangazia. Nilizaliwa baada ya vita. Mama yangu alikuwa msichana, akakimbia na ndugu zake kuvuka Mto Kagera kwenda kusini, kila mmoja na alichoweza kubeba. Katika vijiji walivyoviacha watu waliuawa, wanawake walidhulumiwa, ng'ombe waliswagwa kupelekwa Uganda, na kiwanda cha sukari kikaharibiwa. Waliporudi walikuta nyumba bila mabati.

Nasimulia haya kwa sababu kwetu hakuna anayedhani vita ilikuwa matembezi, na bado wazee wetu hawazungumzii ushujaa jinsi unavyozungumzwa jukwaani. Ukimuuliza mama kuhusu wanajeshi wetu, hatakuambia walivyopiga. Atakuambia kwamba walisaidia kuzika. Na akiwa na nafasi ya kusema zaidi atauliza kwa nini mpaka ule ulikuwa na askari wachache kiasi kile siku Amin alipoingia, swali ambalo ni la haki kabisa na halimpunguzii heshima askari hata mmoja. Unaweza kumshukuru mtu aliyekuja kukuokoa na wakati huohuo ukauliza kwa nini ulibaki peke yako kwa siku zile za mwanzo. Naona baba wa mwenye swali anaweza kuwa anakaa kimya hapo katikati, kati ya shukrani anayopewa na maswali anayoyajua.

Kwa mwenye swali: kama afya yake inaruhusu safari, mpeleke Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu. Pana mnara mweupe wenye majina ya waliokufa. Msiende Julai, kwenye hotuba na maturubai. Nendeni siku ya kawaida. Nimewaona wastaafu pale wakipitisha kidole kwenye orodha, na mtu ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi akaanza kueleza jina hili lilikuwa la mtu gani, alipenda utani gani na aliangukia wapi.

Mwalimu wa Historia

Nimefundisha historia sekondari hadi kustaafu, na nimewasaidia wazee kadhaa kuandika kumbukumbu zao, kwa hiyo nitaongeza machache ambayo naona hayajaguswa.

Mgambo wa Zamani amesema kweli, ila nadhani kuna sababu nyingine inayomfanya mzee huyu aone haya kujitaja. Tukumbuke alijiunga na jeshi la namna gani. Mwaka 1964 askari wa jeshi tulilolirithi kwa Mwingereza waliasi, jeshi likavunjwa, na JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikiwa na vijana waliofundishwa kwamba askari ni raia aliyevaa sare, anayelima na kujenga kama wengine. Baba yako aliingia jeshi hilo likiwa na umri wa miaka kumi tu. Katika malezi yale mtu aliyejitanguliza alionekana ana kasoro. Ukitaka kuona urefu wa safari hiyo katika maisha ya mtu mmoja, mtazame Jenerali Musuguri mwenyewe: alizaliwa mwaka 1920, akaingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza, mwaka 1942, akapigana Madagascar kwa ajili ya mfalme wa nchi ya mbali, na akiwa na miaka 59 akaongoza divisheni kuitetea nchi yake, kabla ya kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia 1980 hadi 1988. Alifariki Oktoba 2024. Kazi ile ya kubeba bunduki ilikuwa na maana mbili tofauti katika mwili uleule.

Lakini jambo ninalotaka hasa kumwambia mwenye swali ni hili: umeandika kwamba baba yako alibaki Uganda hadi 1981, kisha hukulitaja tena. Mimi ningeanzia hapo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na mapigano yakaisha mapema Juni. Watu wengi hufunga kitabu hapo, na filimbi na ngoma zinapigwa. Askari aliyebaki aliona mengine. Aliona Kampala ikiporwa na wakazi wake wenyewe siku zile za mwanzo. Aliona Rais Yusuf Lule, aliyeshika nchi baada ya Amin, akiondolewa baada ya siku 68, kisha Binaisa aliyemfuata naye akaondolewa, kisha uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na kuacha manung'uniko makubwa. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Monrovia Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka, na nyumbani wananchi walikuwa wameambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18, mkanda ambao haukulegezwa muda huo ulipokwisha. Kijana aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara usiku, katika mji usio wake, akilinda amani ambayo wenye mji walikuwa wakiigombania, alikuwa na muda mrefu wa kujiuliza aliokwenda nao na hawakurudi walikufa kwa ajili ya nini. Sisemi kwamba hawakuwa na sababu. Mimi naamini kumwondoa Amin kulikuwa sawa, na ningesema hivyo mbele ya Obasanjo. Nasema kwamba utumishi wa miaka ile miwili haukuwa na mnara wala wimbo, na bila shaka ulihitaji uvumilivu mkubwa kuliko wa Lukaya.

Kwa upande wa kazi yenyewe: tumia ramani kubwa na umwache aweke kidole mwenyewe. Rekodi sauti kwa ruhusa yake, usiandike mbele yake. Akikosea tarehe, usimsahihishe. Utalinganisha baadaye na kuweka maelezo yako pembeni. Na viatu viandike. Sura nzima ikibidi.

Mgambo wa Zamani

Mzalendo, mwanangu, marahaba. Sikujinyang'anya kitu. Nikiitwa shujaa tarehe 25 Julai naitika, kwa sababu siku hiyo naitikia kwa niaba ya watu. Nyumbani kwangu, mjukuu akiniuliza, namweleza habari za jioni ya tarehe 10 na za alfajiri ya tarehe 11, zote mbili, maana siku moja naye atakimbia jambo fulani na ningependa ajue kwamba kurudi kunawezekana. Kuhusu aliyoyasema Mwalimu ya Kampala, sina la kuongeza. Sisi mgambo tulirudishwa nyumbani mapema. Mzee wa mwenye swali ndiye anayejua.

Mwana wa Mstaafu

Nawashukuru sana nyote. Jana jioni nilimuuliza baba swali la kushoto na kulia kama nilivyoelekezwa. Alitaja majina mawili papo hapo, na vijiji vyao, na kwamba mmoja alikuwa akidai mwenzake shilingi ishirini tangu Masaka. Kumbe viatu alivyokuwa akivisimulia vilikuwa vya huyo mdaiwa. Alisema amezikwa Kaboya. Kuhusu 1980 nilijaribu kidogo. Akasema, "Hilo tutaliongea ukiwa na muda," jambo ambalo hajawahi kuniambia.

Nina swali dogo kwa Binti wa Missenyi: je, raia na mstaafu wanaweza kufika tu Kaboya, au ni lazima kuomba ruhusa?

Binti wa Missenyi

Eneo lile liko chini ya jeshi, kwa hiyo msiende ghafla. Anza kwa mshauri wa mgambo wa wilaya yenu, mweleze kwamba ni mstaafu anayetaka kuzuru kaburi la mwenzake, naye atakuonyesha pa kupeleka maombi. Baba abebe kitambulisho chake cha kustaafu. Mkifika Bukoba mniandikie, mama atafurahi kuwapikia matoke.